Kumshirikisha Injili rafiki wa utamaduni mwingine kwa ujasiri: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. "Tumezoeana muda mrefu, nianzie wapi?" "Nikimtaja Yesu si atanikimbia?" "Dini yake siijui, akiniuliza jambo itakuwaje?" Anayeuliza huwa ni Mkristo anayempenda rafiki yake kwa dhati, ila amebanwa pande mbili: akinyamaza anajiona anamkana Bwana wake, akisema anaogopa kuupoteza urafiki. Kama ndivyo ulivyo, soma.

Niweke msimamo wangu wazi kabla ya yote. Ujasiri ni kusema unachokiamini bila kuficha, huku rafiki yako akibaki na uhuru kamili wa kukubali au kukataa. Vyote viwili vinahitajika. Ukisema huku unambana, huo ni ubabe. Na ukimwachia uhuru bila kumwambia lolote, hujampa kitu cha kukikubali wala kukikataa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Rafiki wa kweli. Mtu ambaye ungeendelea kumtembelea hata akikuambia leo kwamba hatamwamini Yesu kamwe. Kama jibu lako hapo linasitasita, anza kwanza kwa kumpenda.
- Watu wawili au watatu wa kuomba pamoja nao. Katika Matendo 4, mitume walipotishwa na wakuu walimwomba Mungu awajalie kulinena neno lake kwa ujasiri wote. Omba hivyo hivyo, ukimtaja rafiki yako kwa jina.
- Injili unayoweza kuieleza bila karatasi. Paulo ameifupisha katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Jizoeze kueleza mambo hayo matatu kwa maneno ya kawaida, kwa dakika mbili.
- Biblia kwa lugha ya rafiki yako, yaani ile anayohesabia na kuotea ndoto, hata kama nyinyi wawili mnazungumza lugha nyingine. Biblia nzima imekwisha kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 700, na Agano Jipya katika nyingi kuliko hizo. Tafuta pia ya kusikiliza kwenye simu, maana wako watu wanaozungumza lugha yao vizuri lakini hawakuwahi kufundishwa kuisoma.
- Taarifa za usalama. Kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinatambua haki ya mtu kubadili dini yake. Hata hivyo, ziko nchi ambazo sheria inazuia, na ziko familia ambazo ni kali kuliko sheria. Jua mapema rafiki yako yuko katika hali gani, na kama siku moja atarudi kwao.

Hatua ya 1: Julikane wewe ni Mkristo tangu mwanzo

Kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa. Mtu hujificha miezi mingi "akijenga uhusiano", na siku anapofungua kinywa rafiki hushtuka: kumbe wema wote ule ulikuwa na lengo! Hapo uaminifu umeondoka, na ni haki yake kuuondoa.

Dawa ni rahisi. Acha imani yako ionekane katika mazungumzo ya kawaida tangu wiki za kwanza. Akikuuliza ulifanya nini Jumapili, mwambie ulikwenda ibadani, na taja jambo moja lililokugusa. Akikueleza kwamba mama yake anaumwa, mwambie utamwombea, kisha kweli umwombee, na siku zifuatazo umwulize hali ya mama. Huhitaji kuhubiri. Unamruhusu tu ajue anashughulika na nani.

Hatua ya 2: Kubali kuwa wewe ndiye mhitaji

Wengi wetu tunapenda kutoa. Tunamsaidia rafiki mgeni kupata makazi, kujaza fomu, kujifunza lugha. Ni vizuri, lakini urafiki wa upande mmoja humfanya mwenzako aishi na deni, na mwenye deni hawezi kukuambia "hapana" kwa uhuru.

Angalia Yesu kwenye kisima cha Yakobo katika Yohana 4. Alianza kwa kuomba maji. Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria, na yule mwanamke alishangaa hata kuombwa. Kwa hiyo omba msaada ambao rafiki yako anaweza kuutoa: akufundishe salamu za kwao, akushauri katika kazi anayoijua kuliko wewe. Akikualika nyumbani, nenda. Uliza mapema kuhusu viatu, mavazi, nani anasalimiwa kwanza. Kuuliza si ujinga, na kwa kawaida wenyeji hufurahi sana kuulizwa.

Angalizo kwa urafiki wa mwanamume na mwanamke: katika tamaduni nyingi mazungumzo ya faragha ya watu wawili wa jinsia tofauti yana tafsiri nyingine kabisa. Nenda na mwenzi wako, au umkutanishe rafiki huyo na muumini wa jinsia yake.

Hatua ya 3: Uliza, kisha sikiliza kuliko unavyotamani

Katika Matendo 8, Filipo alipolifikia gari la towashi wa Kushi, kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuuliza kama mtu yule anayaelewa anayoyasoma. Akasubiri kualikwa kupanda. Kisha akaanzia pale pale mtu alipokuwa, kwenye Isaya 53.

Maswali yanayofungua milango:

- Ulilelewa kuamini nini kuhusu Mungu? Na sasa je?
- Kwenu mtu akifariki, mnasema amekwenda wapi?
- Wewe huwa unasali? Unaomba nini?
- Kuna jambo gani kuhusu Wakristo limekuchanganya au kukukera?

Swali la mwisho ni zito, na jibu lake litakuuma mara nyingine. Atakutajia vita, ukoloni, ubaguzi, au Mkristo fulani aliyemdhulumu. Usikimbilie kutetea. Palipo na ubaya, ukiri kuwa ni ubaya.

Rafiki yako pia si kitabu cha dini yake. Ukisoma kwamba Wahindu huamini hivi au Waislamu huamini vile, huo ni ufahamu wa jumla tu. Yeye huenda anaamini nusu yake, ana mashaka na robo, na iliyobaki hajawahi kuifikiria. Mjibu yeye, uache kumjibu mtu uliyemsoma mtandaoni.

Hatua ya 4: Safisha lugha yako ya kikanisa

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo bidii nyingi inapopotea bila mtu kujua.

Katika Matendo 14, huko Listra, Paulo alimponya kiwete. Umati ukapaza sauti kwa Kilikaonia kwamba miungu imeshuka. Barnaba wakamwita Zeu, Paulo wakamwita Herme, na kuhani akaleta ng'ombe ili watoe dhabihu. Mitume walikuja kwa jina la Mungu aliye hai, lakini watu walipokea waliyoyaona kwa mafundisho waliyokuwa nayo tayari. Maneno yako yatapokelewa hivyo hivyo.

Ukisema "Mwana wa Mungu", rafiki Mwislamu anaweza kusikia kwamba Mungu alikuwa na mke akazaa. Amefundishwa tangu utotoni, katika Sura ya 112 ya Kurani, kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Anza kwa kumwambia usichokiamini: Wakristo hatuamini kwamba Mungu alizaa kwa njia ya mwili, na wazo hilo linatuchukiza sisi pia. Ndipo uendelee.

Ukimwambia rafiki Mhindu au Mbudha kwamba ni lazima azaliwe mara ya pili, anaweza kuelewa kurudi duniani kwa maisha mengine, na hilo ndilo jambo analotamani kufunguliwa kutoka kwake. Anza na unachokimaanisha: moyo mpya unaotolewa na Mungu katika maisha haya haya.

Kwa aliyekulia bila dini, "dhambi" ni orodha ya makatazo ya kanisa. Zungumza naye kuhusu mambo anayoyajua ndani yake: kwamba tunajua lililo jema na hatulitendi, kwamba tumewaumiza tunaowapenda, kwamba tumempa Mungu mgongo. "Nimeokoka", "damu ya Yesu", "nimejazwa", "mpendwa": yote haya ni matamu kwetu, na kwake hayana maana au yanatisha. Yaeleze, au yaache kwa sasa.

Kipimo ni hiki. Ukimaliza kueleza jambo, mwulize: "Nimesema mengi. Wewe umesikia nini?" Akikurudishia kitu tofauti na ulichosema, usimsahihishe kwa ukali. Eleza upya.

Hatua ya 5: Andaa ushuhuda wa dakika tatu

Maisha yako kabla, ulivyokutana na Kristo, anachofanya ndani yako sasa. Sehemu ya tatu ndiyo muhimu zaidi kwa rafiki, kwa kuwa anaweza kuihakiki kwa macho yake. Usitie chumvi. Kama ulilelewa katika Ukristo na huna kisa cha ulevi wala jela, mshukuru Mungu, ueleze jinsi imani ya wazazi ilivyokuja kuwa yako.

Angalizo: usiifanye dini yake kuwa kigezo cha giza ulilotoka. Ushuhuda unamhusu Yesu na wewe.

Hatua ya 6: Omba ruhusa, kisha sema kweli

Nafasi ikijitokeza, usizunguke. Sema kitu kama: "Jambo hili ndilo la maana kuliko yote maishani mwangu. Naomba nikueleze kwa nini namwamini Yesu. Kama hutaki leo, niambie tu, urafiki wetu uko pale pale." Kisha nyamaza umsikilize.

Akikubali, sema yote. Hapa ndipo watu wanapolegea: wameomba ruhusa vizuri, halafu wanaishia kwenye maadili mema na amani ya moyo. Amani ya moyo dini nyingi zinaitaja. Sema msalaba. Sema kaburi lililo wazi. Sema kwamba Yesu alidai kuwa njia ya kwenda kwa Baba, na kwamba wewe unamsadiki. Petro anatuagiza tumjibu kila anayeuliza habari za tumaini letu, kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Upole ni namna ya kulisema jambo, haulipunguzi.

Akikataa, badilisha mazungumzo kwa moyo mweupe.

Usimweleze Injili siku uliyomsaidia kwa fedha, makaratasi au malazi. Acha zipite siku. Wala usizungumze na watoto wake kuhusu imani wazazi wasipojua. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 4:2 kwamba hatuenendi kwa hila, na hizo ni hila hata zikifanywa kwa nia njema.

Hatua ya 7: Someni kisa kimoja pamoja

Mabishano ya hoja huchosha. Kisa cha Injili humweka rafiki yako mbele ya Yesu mwenyewe, na wewe unakaa pembeni. Luka 15:11-32 ni mahali pazuri pa kuanzia, hasa kwa anayetoka katika jamii inayojali heshima ya ukoo.

Asome yeye kwa lugha yake, kwa sauti. Wewe fuata kwa lugha yako. Kisha uliza maswali manne tu: Kisa hiki kinatuonyesha nini kuhusu Mungu? Kinatuonyesha nini kuhusu watu? Kipi kimekushangaza? Kama ni kweli, kingebadilisha nini kwako?

Usikurupuke kufafanua. Sisi tuliokulia kanisani huenda moja kwa moja kwenye nguruwe na toba. Rafiki yako huenda akasimama kwenye mstari wa 12 na kukataa kuendelea: mtoto anadai urithi baba akiwa hai? Ni kama kumwambia "laiti ungekufa". Mwache aseme hayo. Halafu mstari wa 20: baba mzee, mtu wa heshima zake, anakwenda mbio mbele ya watu kumkumbatia aliyemwaibisha. Mtu anayejua aibu ya familia ni kitu gani anaweza kuusikia mstari huo kwa uzito ambao sisi tumekwisha kuuzoea. Ukifika mwisho, mwonyeshe kwamba baba alitoka nje pia kumbembeleza kaka mkubwa, yule mtiifu aliyekasirika, na kwamba Yesu hakusema kama aliingia. Mwulize: "Unadhani aliingia?"

Mkimaliza, mwulize kama angependa kisa kingine wiki ijayo. Mkiendelea vizuri, someni Injili ya Marko yote. Ina sura 16 na ndiyo fupi kuliko zote nne.

Hatua ya 8: Mwulize waziwazi

Wako waliosoma na rafiki zao muda mrefu na hawakuwahi kuwauliza: "Je, unataka kumfuata Yesu?" Uliza. Eleza pia gharama, hasa kama familia yake itaumia. Akisema ndiyo, aombe kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake. Sala ya kurudia nyuma yako haina ubaya, lakini kwa mtu wa lugha nyingine ni rahisi sana ikawa ni adabu tu.

Umkutanishe mapema na waumini wengine, ikiwezekana wa lugha au asili yake. Mtaguso wa Matendo 15, yaani mkutano wa mitume na wazee, uliamua kwamba watu wa Mataifa (wasio Wayahudi) hawakulazimika kutahiriwa ili wawe wa Kristo. Kwa hiyo usimdai abadili jina, mavazi, vyakula au muziki ili afanane na wewe. Amfuate Kristo akiwa mtu wa taifa lake.

Ukikwama

*Anabadilisha mada kila nikimtaja Yesu.* Acha kwa muda. Amekujibu kwa adabu ya kwao. Endelea na hatua ya 2 na ya 3, na umwombee.

*Anakubali kila ninachosema.* Kuwa mwangalifu. Katika jamii nyingi kumpinga mwenyeji au mkubwa ni kumvunjia heshima, hivyo "ndiyo" ni adabu tu. Rafiki mwenye miungu mingi naye anaweza kumpokea Yesu kwa furaha na kumweka pamoja na wengine. Rudi kwenye kipimo cha hatua ya 4, na umwulize: "Katika niliyosema, lipi ni gumu kwako kulikubali?"

*Ameniuliza swali nisiloliweza.* Sema "sijui, nitatafuta", na kweli utafute, umletee jibu wiki hiyo hiyo. Utatu, Agano la Kale na vita vyake, mateso ya wasio na hatia: haya yatakuja. Ukijitungia jibu papo hapo atagundua.

*Tumebishana na amekasirika.* Kama ulimdhihaki yeye, nabii wake au familia yake, mwombe radhi bila "lakini". Kama kilichomkera ni msalaba wenyewe, huna cha kuombea radhi. Mwambie umesikia jinsi alivyoumia, na umtembelee kama kawaida. Huko Athene, katika Matendo 17, wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza Paulo tena, wengine wakaamini, wakiwamo Dionisio Mwareopago na mwanamke aitwaye Damari. Jiandae kwa makundi yote matatu.

*Amenialika kwenye ibada yao.* Unaweza kwenda kama mgeni, ukae kwa heshima na kutazama. Mwambie mapema kwamba hutashiriki kuabudu, na kwa nini. Kama dhamiri yako hairuhusu hata kuingia, mshukuru na umweleze ukweli. Nawe umwalike kwenye ibada yako kwa masharti yale yale.

*Na yeye anajaribu kunibadilisha dini.* Vizuri, ina maana anakujali. Msikilize kama unavyotaka akusikilize.

*Anaamini, lakini anaogopa kwao.* Usimshinikize kutangaza. Nikodemo alimwendea Yesu usiku (Yohana 3), baadaye akamtetea kwa maneno machache mbele ya wakuu wenzake (Yohana 7), na mwishowe akaja na manemane na udi kumzika (Yohana 19). Mwache achague nani aambiwe kwanza na lini. Usiweke picha yake mtandaoni, hata ya ubatizo. Usimtaje jina kwenye kundi la maombi la simu. Tumia herufi moja tu, au "rafiki". Mkubaliane jinsi ya kutumiana ujumbe, na nani anaweza kuishika simu yake. Mtafutie muumini aliyepitia hali kama yake, maana kuna maswali utakayoulizwa usiku ambayo mtu huyo peke yake ndiye atakayeweza kuyajibu.